Baba ananiita Injinia, na Advansi nimepata 27

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 18, nasoma kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), shule ya bweni iliyo mbali na kwetu. Naandika kwa simu ya mama mdogo. Tuko likizo fupi, na nimekuja kwake badala ya kwenda nyumbani. Sababu utaiona mbele.

Kidato cha nne nilisoma shule ya kata, na Hisabati nilipata A. Tulikuwa wawili tu shule nzima. Nilisoma sana, Mwalimu, sitanii. Nilifanya mitihani ya taifa ya nyuma yote niliyoweza kuipata, mingine mara tano, mpaka nikawa nikiona swali najua mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo A ndiyo iliyonileta PCM.

Nimefika huku, jaribio la kwanza la Hisabati ya Juu, yaani hii Advansi, nikapata 18. Nikajipa moyo kwamba ni ugeni. Mtihani wa nusu muhula nikapata 27. Fizikia nina 58, Kemia 64, kwa hiyo si kwamba sisomi. Wenzangu wengi walipomaliza kidato cha nne walikwenda tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano, mimi miezi yote ile nilikuwa gengeni na mama nauza nyanya. Wao mwalimu akianza mada wanaitikia, mimi nanakili ubaoni. Mwalimu ni mmoja, anafundisha sisi na kidato cha sita, hana muda wa kurudi nyuma. Siku aliporudisha karatasi alisema wengine tumekuja PCM kuwasindikiza wenzetu. Hakunitaja jina ila alikuwa ameshika karatasi yangu.

Sasa kuhusu nyumbani. Baba yangu ni fundi ujenzi. Tangu matokeo yatoke haniiti jina langu, ananiita Injinia. Anasema miaka 20 amekuwa akielekezwa na mainjinia, sasa amezaa wake. Aliponipigia kuuliza matokeo ya nusu muhula, nilimwambia Advansi nimepata 62. Nilisikia anawatangazia wenzake pale saiti, na mama akaniambia baadaye kwamba aliwanunulia soda. Mwezi ujao ni siku ya wazazi, atakuja, na ataoneshwa alama.

Nafikiria nihamie EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ili niikimbie hii PCM kabla hajaja. Au PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), japo Baiolojia sijawahi kuipenda, kidato cha tatu nilitapika siku ya kupasua chura. Nimekuambatanishia picha nne za karatasi yangu ya mtihani. Naomba uniambie ukweli tu: akili ya Advansi ninayo au sina?

Ni mimi,
Injinia wa Mdomoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, picha nimezisoma mara nne. Nitaanza na picha, kwa sababu barua inasema huna akili na picha zinasema jambo jingine kabisa.

Tazama swali lako la mwisho, lile la kutafuta difrensiesheni ya 1/x kuanzia kwenye kanuni ya msingi. Mstari wa kwanza umeuandika sawasawa: umechukua 1/(x+h), ukatoa 1/x, ukagawa kwa h, ukaweka alama kwamba h inakaribia sifuri. Advansi ya swali zima iko kwenye mstari huo. Yanayofuata ni kusafisha tu. Lakini mstari wa pili, ile 1/(x+h) ukaigeuza kuwa 1/x + 1/h. Basi 1/x mbili zikafutana, ukabaki na 1/h kugawa kwa h, ambayo ni 1/h², na h ikielekea sifuri kitu hicho kinapaa hadi hakionekani. Wewe ukaandika "= 0", ukapiga mstari chini mara mbili, ukaendelea na maisha.

Jaribu kwa namba. x iwe 2, h iwe 3. Upande mmoja una 1/5. Upande wa pili una 1/2 + 1/3, ambayo ni 5/6. Mkate mmoja umegawiwa watu watano, halafu unaniambia kila mmoja ameondoka na zaidi ya nusu mkate!

Kosa hilo si la kidato cha tano. Ni la sehemu, zile za shule ya msingi za kiasi na asili, ulipokuwa ukitafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, kwa kupanga namba tasa pembeni. Rudi nazo hapa uone: KDS ya x+h na x ni x(x+h). Kiasi kinakuwa x − (x+h), yaani −h. Gawa kwa h, unabaki na −1 juu ya x(x+h). Sasa acha h ikaribie sifuri, unapata −1/x². Mistari mitatu, na alama zote zingekuwa zako.

Swali la kabla yake, lile la integresheni, umekutana na kipeuo cha pili cha x² + 9 ukaandika x + 3. Kwingine umeandika kwamba logariti ya a + b ni logariti ya a kujumlisha logariti ya b. Huo ni ugonjwa mmoja uliojitokeza sehemu tatu. Unadhani chochote kinachosimama nje ya mabano kinaingia ndani na kugawia kila mtu sawa, kama mgeni aliyeleta pipi. Kuzidisha kunafanya hivyo: 3(x+h) ni 3x + 3h, kila mtoto kapata pipi yake. Kipeuo hakifanyi hivyo. Logariti haifanyi hivyo. Jumla iliyokaa kwenye asili haifanyi hivyo.

Nilichukua kalamu nikahesabu. Kwenye picha hizo nne umepoteza alama 19 mahali ambapo wazo la Advansi lilikuwa sahihi na aljebra ya kidato cha pili ndiyo iliyokuangusha. Ongeza 19 kwenye 27, unapata 46. Kwa madaraja ya kidato cha sita, 40 hadi 49 ni E, na E ni ufaulu kamili unaohesabika chuo. Siyo alama ya kufanyia sherehe, lakini mwenye 46 ndani ya miezi mitatu ya kwanza, bila tuisheni, hajaja kumsindikiza mtu.

Nimefundisha somo hili miaka 14, na kauli hiyo ya kusindikiza nimeisikia ofisini kwetu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Husemwa na mwalimu aliyechoka. Mwalimu wako ana madarasa mawili na mada lukuki za kumaliza kabla ya Mei ya kidato cha sita. Usiiweke moyoni, na usiitumie kama kisingizio pia.

Unaweza kuniuliza, kama aljebra yangu ni mbovu, A ya kidato cha nne ilitoka wapi? Umeshajijibu mwenyewe. Ule mtihani una sura inayojirudia: swali hili ni seti, lile ni takwimu, hili ni trigonometria, na mtu aliyefanya karatasi za nyuma mara tano anaingia akijua njia za kupita. Hukudanganya, na A ya Hisabati katika nchi hii, somo linaloangusha wengi kuliko mengine, si kitu cha kuokota. Ila ulijifunza njia ukiwa umefumba macho. Kipeuo kilipotokea, kilitokea kwenye swali ambalo tayari ulijua linaishia wapi. Advansi inachukua kipeuo hichohicho inakiweka mahali ambapo hujawahi kukiona, na mkono wako unaandika chochote kinachofanana na kitu ulichozoea.

Sasa hayo ya kuhama. EGM uiondoe kichwani leo hii. Ile M ya mwisho unadhani ni nini? Ni Advansi hiyohiyo, mada zilezile, mtihani uleule wa taifa, chumba kimoja na watu wa PCM. Utakuwa umeacha Fizikia na Kemia, masomo unayofaulu, ukabeba lile unalofeli ukahama nalo. Kila mwaka namwona mwanafunzi anayefanya hivi na kila mwaka nashangaa hakuna aliyemwambia.

PCB ni kweli itakuondolea Advansi, na utasoma BAM (Basic Applied Mathematics), hisabati ambayo ni somo la ziada tu. Lakini nayo ina difrensiesheni na integresheni, nyepesi zaidi, na 1/(x+h) yako itakuwa inakusubiri mlangoni. Kisha kozi za uinjinia katika vyuo vyetu vikuu kwa kawaida zinataka ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya Juu, kwa hiyo ukiingia PCB umeamua kuelekea udaktari, famasia, uuguzi na jamaa zake. Kazi nzuri zote. Ila kwa mtu aliyetapika kwa ajili ya chura mmoja, sidhani kama tunahitaji kuendelea na mjadala huu. Juu ya hayo, shule nyingi hufunga mlango wa kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, mapema, na Baiolojia ya kidato cha tano imeshakwenda bila wewe. Kama bado unataka uhakika, kamuone mwalimu wa taaluma ukirudi, dakika tano zinatosha.

Kwa maoni yangu baki PCM, lakini acha kuisoma Advansi kwa wiki tatu. Umesikia sawa. Darasani kaa, nakili, fanya kazi unazopewa, ila muda wako wa prepo, wa kujisomea, wa Advansi upeleke chini. Tafuta kitabu cha Hisabati cha kidato cha pili na cha tatu, hata kwa kuazima kwa mdogo wa rafiki yako hapo kwa mama mdogo, uondoke nacho. Fungua sehemu za aljebra, vipeuo, vipeo, logariti, kutafuta vigawo, kubadilisha kiini cha fomula. Usisome mifano. Funika mfano kwa karatasi, fanya swali, kisha funua. Wenzako watakucheka kukuona na kitabu cha kidato cha pili. Kiweke gamba la gazeti.

Na nunua kaunta buku moja ndogo ya makosa tu. Kila kosa unaloliona kwenye kazi yako, ukurasa wa kushoto andika ulichoandika, wa kulia andika kilicho sahihi, na chini yake weka namba za kuthibitisha, kama nilivyofanya na 2 na 3. Hiyo ya namba ndiyo dawa yenyewe. Ukiwa kwenye mtihani na huna hakika kama mstari wako wa pili ni halali, ingiza 2 na 3 pembeni kwenye rafu. Sekunde 20. Usitumie 0 wala 1, hizo mbili zina tabia ya kukubaliana na uongo.

Jambo jingine dogo ambalo kwangu ni kubwa: jieleze kwa Kiswahili. Ulisoma hesabu za msingi kwa Kiswahili ukazielewa, kisha sekondari ukahamia Kiingereza, na pale katikati wengi huacha kuelewa wakaanza kukariri maneno. Mtihani ni wa Kiingereza na majibu utaandika kwa Kiingereza, sawa. Lakini ukimaliza mada, mkamate mwenzako bwenini umwambie limiti ni nini bila kutumia neno hata moja la kitabuni. "h inasogea kwenye sifuri lakini haikanyagi, mimi naangalia jibu linaelekea wapi." Ukishindwa kusema hivyo, jua hujaelewa, hata kama umeandika kurasa tano.

Diskasheni nenda, ila chagua. Ile ambayo mvulana mmoja anasimama ubaoni anafumua maswali na wengine kumi wananakili ni darasa la pili la kunakili, umeshakuwa na moja. Tafuta mtu mmoja mwenye alama kama 45, si mwenye 85. Mwenye 85 keshasahau ni kwa nini jambo lilikuwa gumu.

Mitihani ya nyuma bado ina kazi, usiitupe. Na kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawakifahamu: Baraza la Mitihani hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo, ziko kwenye tovuti yao bure. Ndani yake wameweka vipande vya majibu halisi ya wanafunzi, mabaya na mazuri, na maelezo ya wapi mtu alipotea. Wakati uko na simu ya mama mdogo, pakua mbili tatu za Hisabati ya Juu, uzichapishe hata kurasa chache pale stesheneri ya karibu. Utawakuta wenzako wa PCM nchi nzima wakifanya mambo uliyofanya wewe. Mimi huwa nazisoma kama gazeti. Muundo wa mtihani na mada muulize mwalimu wako vilivyo kwa mwaka wenu, maana mtaala umekuwa ukibadilishwa.

Kama baada ya muhula wa pili, aljebra ikiwa imenyooka, bado unacheza kwenye 27, niandikie tena na tutazungumza tofauti. Njia ya uinjinia si kidato cha sita peke yake. Kwa cheti chako cha kidato cha nne unaweza kuomba stashahada katika vyuo vya ufundi kama DIT pale Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, na kutoka huko wapo wanaoendelea hadi shahada. Lakini hilo ni la wakati huo. Leo bado una ushahidi mdogo mno wa kujihukumu.

Nimebakiza 62.

Hapo nimekukasirikia kidogo, nikakuonea huruma zaidi. Uongo wa namna hii unalipiwa na mtu mwingine. Zile soda baba yako alizinunua kwa hela ya kibarua, mbele ya watu anaofanya nao kazi kila siku. Akija siku ya wazazi akaoneshwa 27 na mwalimu, utakuwa umemwaibisha mara mbili, kwa alama na kwa uongo, na safari nzima ya kurudi kwenye basi atakuwa akiwaza la pili zaidi ya la kwanza. Asisikie kwa mwalimu. Asisikie kwa mama yako pia, maana najua ulikuwa unapanga kumtuma mama.

Tena ana kitu unachokihitaji. Kumbuka lile kosa la kipeuo, x² + 9 uliloligeuza kuwa x + 3. Weka x iwe 4. Ndani unapata 16 na 9, yaani 25, na kipeuo chake ni 5. Kwa hesabu yako wewe ingekuwa 7. Sasa muulize baba yako anapochora msingi wa nyumba anaipataje kona ya mraba. Atakwambia anapima 3 upande huu, 4 upande ule, kisha anavuta tepu mshazari, na lazima isome 5. Isiposoma 5 anasogeza kigingi. Muulize, na ikisoma 7 je? Atacheka, kwa sababu 7 maana yake kamba imenyooka na hakuna kona kabisa. Mtu huyo anaijua hesabu iliyokushinda, anaijua kwa mikono, na sidhani kama kuna siku mtoto wake amewahi kumuuliza.

Mpigie Jumapili jioni, akiwa ameshaoga na kula. Anza na swali la kona. Mwache aeleze mpaka amalize, usimkatize. Kisha mwambie kwamba kosa hilo ndilo ulilolifanya kwenye mtihani, na kwamba haikuwa 62.